Begi la mgongoni la mtumba kutoka Memorial, Moshi: nililipeleka Addis Ababa na Harar

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, mwaka wa 27 sasa, na begi lolote huwa nalianza kwa ndani. Rangi na jina la kampuni hungoja. Hili nililigeuza palepale kwenye soko la mitumba la Memorial, juu ya turubai, vijana wakiita bei huku na huku, na nilipoona mikanda ya mabegani ilivyoshikizwa, moyo ulitulia. Mshono wa sanduku wenye X katikati, umepigwa mara mbili kwa uzi mnene wa nailoni. Kingo zote za ndani zimefunikwa kwa utepe mpaka kwenye pembe, mahali ambapo mafundi wengi huchoka wakaacha. Zipu kuu ni YKK ya meno manene. Aliyelishona begi hili, popote alipo, hakuwa na haraka.

"Mama, hilo gredi A, robota limefunguliwa leo," kijana akaniambia. "Thelathini na tano."

"Mwanangu, zipu ya mfuko wa mbele haikamati. Nina ishirini."

Tukamalizana kwa elfu 28. Ni la kijani iliyokolea, kitambaa cha nailoni chenye mpira kwa ndani. Nililipima kwa futi nyumbani: inchi 21 kwenda juu, 13 upana, 8 unene. Lebo inasema lita 35 na hesabu inakubali. Likiwa tupu, mzani wa bucha ya jirani ulisoma kilo moja na robo. Lina mkanda wa kifuani, mkanda wa kiunoni wenye sponji, mifuko miwili ya pembeni ya kuwekea chupa ya maji, na mfuko mmoja wa siri unaolala mgongoni ambao sikuuona mpaka siku ya tatu.

Ninaloandika hapa nimelipata kwenye siku 12 za Ethiopia, Novemba 2024, na matumizi ya hapa nyumbani tangu hapo. Itabidi nisimulie na safari, kwa sababu begi la safari huwezi kulijua ukiwa umesimama sokoni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimevuka mpaka mara mbili tu, zote Nairobi kupitia Namanga, na mara zote mbili mzigo wangu ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nilikuwa na sanduku kubwa la magurudumu, nimelinunua jipya, na gurudumu moja liling'oka kabla sijamaliza stendi. Shemeji alikuja kunipokea, akalibeba. Kwa kuwa amebeba sanduku, yeye ndiye aliyetangulia, na aliyetangulia ndiye aliyezungumza na kondakta, akaagiza chakula, akauliza bei. Mimi nilimfuata nyuma na mkoba wangu kwapani. Nashukuru kwa wema wake, lakini nilirudi Moshi nikiwa nimekaa wiki nzima nchi ya watu bila kuomba hata glasi ya maji kwa mdomo wangu, na jambo hilo lilinikaa rohoni miaka mingi.

Safari ya Ethiopia ilianzia mezani pangu. Mteja aliniletea gauni jeupe la Kihabeshi nilipunguze kiuno. Siku zote nilidhani ule urembo wa rangi kwenye pindo ni darizi. Nilipoligeuza nikakuta hakuna darizi: nyuzi za rangi zimefumwa pamoja na kitambaa, zimeingia na kutoka kati ya nyuzi nyeupe tangu kitambaa kikiwa bado kwenye mtambo wa mfumaji. Wenyewe wanaita tibeb. Nilikaa na gauni lile mpaka umeme ukakatika. Kisha nikaanza kuweka akiba.

Kaka yangu mkubwa, yuko Kibosho, aliuliza nakwenda na nani. Nikamwambia peke yangu. Akanyamaza, halafu akasema basi nimchukue binti yangu anisaidie mizigo. Binti alikuwa na mitihani. Nikamjibu, "Kaka, nitabeba kile tu nitakachoweza kukibeba mwenyewe," na wiki iliyofuata nikaenda Memorial.

Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza la begi, na ndilo nitakalolipimia.

Ethiopian Airlines wanaruhusu kilo 7 ndani ya ndege. Mzani wa KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, ulisoma 6.8, nikiwa na magauni mawili, sweta, kanga mbili, viatu vya kutembelea, daftari la vipimo na kasha la sindano na uzi. Mkasi wangu mdogo wa kukatia uzi nililazimika kuuacha kwenye ukaguzi, kosa langu mwenyewe, niliusahau ndani ya kasha. Begi liliingia kwenye kabati la juu ya viti bila kusukumwa. Kutoka KIA hadi Addis Ababa ni kama saa mbili na nusu, na niliposhuka sikusubiri mzigo wowote. Nilitembea moja kwa moja hadi nje mikono ikiwa mitupu, na ule utupu wa mikono ulinishtua. Nilikuwa sijui niiweke wapi.

Addis kuna haisi za bluu na nyeupe, ndugu kabisa wa hizi zetu. Kondakta anatoa kichwa dirishani anaimba majina ya vituo. Kupanda si tatizo, unasikia jina unaingia. Kushuka ndiko kwenye kazi, kwa sababu lazima useme. Siku ya kwanza nilikiona kituo changu kinapita, nikakaa kimya, kikapita na kingine, nikashuka pale mtu mwingine aliposhuka. Nikarudi kwa miguu nikipanda mlima na begi mgongoni. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na sisi wa Moshi mjini tuko chini ya 1,000, kwa hiyo pumzi ilikata mara tatu. Hapo nilijifunza kitu kuhusu begi: mkanda wa kiunoni ukiufunga vizuri, uzito unahamia kwenye nyonga na mabega yanabaki huru. Nilikuwa nimeuona kama pambo.

Usiku nilimuuliza kijana wa nyumba ya wageni, wanasemaje? Akaniandikia kwenye daftari: woraj ale. Ni kama sisi tunavyosema "shusha". Kesho yake nikaingia kwenye haisi, begi mapajani (inchi 8 zinatosha kati ya goti na kiti cha mbele, nililipima hilo pia), na tangu tunaondoka nilikuwa nalirudia neno kimoyomoyo. Kituo kikaja. Nikalisema. Sauti ilitoka ndogo, kondakta hakugeuka. Nikalisema tena, sasa kwa ile sauti ninayowaitia wanafunzi wangu cherehani zote nne zikiwa zinakimbia. Gari likasimama. Bibi mmoja aliyejitanda netela, ule mtandio wao mweupe mwepesi wa pamba, alinipigapiga goti akasema neno ambalo sikulielewa, lakini nililipokea.

Ningeweza kuishia hapo nikawaambia begi ni zuri, maana kwangu mimi safari ilifunguka siku hiyo.

Jambo lililonisaidia kuliko yote sikulitegemea, na ninawaambia wasomaji wa Kiswahili kwa sababu wageni wengine hawawezi kulifaidi. Ethiopia wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza siku inaanza, saa moja ni saa moja. Asubuhi ya pili, yule kijana alitutangazia wageni kwamba gari la kwenda makumbusho linatoka saa tatu, akataja kwa Kiingereza namba tatu tu. Wageni wawili kutoka Ulaya walipanda zao chumbani kulala, wakijua wana muda mpaka alasiri. Mimi nilinyanyua begi nikaenda mlangoni. Kijana akanitazama, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia kwetu ndivyo ilivyo. Nikaenda kuwagongea wale wawili mlango, mimi, kwa Kiingereza changu cha kuunga, nikawaeleza saa za nchi ya watu. Tarehe nazo zina mambo yake: risiti ya chumba iliandikwa mwaka 2017, kwa kuwa kalenda yao iko nyuma miaka saba au minane, na ina miezi 13, 12 ya siku 30 na mmoja mfupi wa siku tano au sita. Hiyo sikuizoea. Lakini saa zilinipa mahali pa kusimama, na mtu akipata mahali pa kusimama anaweza kunyoosha mkono kwenye kitu kingine.

Chakula nitakipita haraka. Injera, mkate wao mwembamba wa nafaka ya teff, ina uchachu ambao mtu aliyelelewa kwa togwa na mbege hapati shida nao. Ijumaa ni siku ya mfungo kwa Waorthodoksi, kwenye mgahawa mdogo niliomba nyama hakuna, nikaletewa sinia la mboga na dengu za rangi sita na nikashukuru. Kitfo, nyama mbichi ya kusaga yenye siagi na pilipili, nilikula matonge matatu kisha nikaomba ipashwe kidogo, na hakuna aliyenikasirikia. Nimekula kisusio, supu yetu ya damu, tangu utoto lakini nyama mbichi bado ni safari nyingine.

Sasa Shiro Meda, ambako ndiko nilikokuwa nakwenda.

Ni soko la nguo za asili upande wa kaskazini wa jiji, chini ya milima ya Entoto. Maduka yamepangana, nyeupe juu ya nyeupe, pindo za rangi zinaning'inia mpaka barabarani. Wafumaji wengi ni watu wa Dorze, asili yao milima ya kusini. Nilinunua netela moja kwenye duka, halafu nikafanya jambo ambalo miaka yote nisingelifanya: nikamuuliza mwenye duka kama naweza kuona anayefuma. Nilimwonyesha kwa mikono. Nikatoa daftari langu la vipimo na kasha la sindano kutoka kwenye mfuko wa juu wa begi ili aone mimi ni wa kazi. Akaniita, tukapita uchochoro, tukaingia kwenye chumba cha mabati.

Mfumaji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, miguu iko chini shimoni inakanyaga kamba mbili, mikono juu inarusha kijiti chenye uzi kutoka kulia kwenda kushoto. Anakanyaga, nyuzi zinafunguka kama mdomo, kijiti kinapita, anakanyaga mguu wa pili, mdomo unafumba. Anavuta kitana kwa nguvu, tak. Kwenye tibeb anasimama. Anahesabu nyuzi nyeupe kwa ncha ya kidole, anaingiza kipande cha uzi mwekundu chini ya nne, anaruka mbili, anaingiza wa kijani. Hakuna mchoro mbele yake. Nilihesabu dakika: upana wa vidole viwili vya pindo ulichukua karibu dakika 40.

Binti yake anajua Kiingereza. Nikamwambia, mwombe baba yako nikae.

Wakatazamana. Kule wanaofuma ni wanaume, wanawake wanasokota uzi. Nilimwona mzee anafikiri. Kisha akapanda kutoka shimoni, akapangusa ukingo kwa mkono, akanipisha. Nikavua viatu, nikateremsha miguu. Udongo ulikuwa baridi. Cherehani ya miguu ndiyo iliyoniokoa, kwa kuwa miguu yangu inajua kupokezana, lakini mikono ilikuwa mijinga kabisa. Mara ya kwanza nilirusha kijiti kikaanguka. Mara ya pili kikapita, nikavuta kitana kwa nguvu za kupita kiasi, uzi mmoja ukakatika. Nilikuwa tayari kuinuka na kuomba radhi. Mzee akainama, akaunga uzi ule kwa vidole kwa fundo ambalo hata mimi sikuliona lilivyofungwa, akanionyesha kwa kichwa: endelea. Nilifuma mistari 11. Kwenye kile kitambaa mistari ile inaonekana wazi, ina mawimbi. Hakuikata.

Baada ya hapo wakapika buna, yaani kahawa. Hapa lazima niseme nilikotoka. Baba yangu alikuwa na kahawa kihambani. Utoto wangu wote ni kuchuma, kumenya, kuanika, na magunia kwenda chama cha msingi, ambacho kiko chini ya KNCU, muungano wa wakulima wa Kilimanjaro ulioanza mwaka 1933. Nyumbani tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule, haikuwa kinywaji. Kwa hiyo nilikuwa mtu mzima, mtoto wa mkulima wa kahawa, sijawahi kukaa chini kunywa kahawa iliyokaangwa mbele yangu. Mama wa nyumba alitandaza majani mabichi sakafuni, akaosha buni, akaikaanga kwenye kikaango juu ya mkaa, akaipitisha kila mtu avute moshi wake. Ilipofika kwangu nilifumba macho. Akaitwanga, akaipika kwenye jebena, kile chungu cheusi cha shingo ndefu, na ubani ukiwaka pembeni. Wanakunywa mara tatu kutoka kwenye buni ileile. Mara ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, na ya tatu bereka, yaani baraka. Binti aliponitajia hilo la tatu nilimwambia hata kwetu ni baraka. Mama yake alicheka, akakata kipande cha injera, akakizungusha kwenye mchuzi na kuniwekea mdomoni kwa mkono wake. Wanaita gursha. Tangu mama yangu alipofariki hakuna aliyewahi kunilisha tonge.

Nilitoka pale na netela nne na gabi moja, lile blanketi zito la pamba, na begi lilikubali vyote. Mikanda ya pembeni ya kubana ilifanya kazi yake, hakuna mshono uliolia.

Harar nilikwenda kwa ndege hadi Dire Dawa, kama saa moja, kisha haisi ya kupanda mlima kwa karibu kilomita 50. Dire Dawa ni joto, Harar juu kuna upepo mzuri. Na katika haisi hiyo ndipo kasoro kubwa ya begi ilipojitokeza: nililivuta kutoka chini ya kiti, kifungo cha plastiki cha mkanda wa kiunoni kikavunjika. Plastiki ilikuwa imezeeka, imepauka kwa ndani, na hilo ningeliona Memorial kama ningelipinda kwa kidole. Sikulipinda. Na gabi ndani uzito ulikuwa umefika karibu kilo 10, na bila ule mkanda mabega yangu yalilalamika ndani ya robo saa.

Mji wa kale wa Harar, Jugol, umezungushiwa ukuta na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Ukiingia ndani kuna mtaa wa mafundi cherehani. Unaitwa Makina Girgir. Girgir ni mlio wa mashine, ndivyo nilivyoelezwa, na niliposimama mwanzo wa mtaa sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Wanaume wamekaa nje pande zote mbili, kila mmoja na cherehani yake ya miguu, vitambaa vya rangi vimewazunguka, na ule mlio unapanda na kushuka kama wa ofisini kwangu Jumamosi kabla ya Krismasi. Nilisimama nikiwa na machozi karibu. Maili ngapi kutoka Majengo kwetu Moshi, na hao hapo.

Nikamkaribia mmoja, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina. Assalaam aleikum. Akaitikia. Nikamwonyesha mkanda uliovunjika, akachukua akaugeuza, akatikisa kichwa: kifungo hana. Akaelekeza mkono, kama kusema, nikushonee? Nikaweka kiganja changu kifuani, nikaelekeza cherehani yake. Nilitaka kushona mwenyewe.

Fundi hampi mtu cherehani yake. Mimi simpi. Alinitazama mikono, si uso, alinitazama mikono, akaona alama ya sindano kwenye kidole cha shahada na ngozi ngumu ya mkasi kwenye dole gumba. Akainuka. Nikakaa, nikajaribu mguu, cherehani ilikuwa laini kuliko yangu. Nikakunja ncha ya mkanda mara mbili, nikapiga sanduku na X, kwenda na kurudi, na kwenye ncha ya pili nikatengeneza kitanzi cha kufungia. Uzi nikaukata kwa meno kwa kuwa mkasi uko KIA. Mzee akauvuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Haukutoka. Akawaita wenzake wawili waje kuutazama. Alikataa pesa. Mkanda ule mpaka leo nafunga kwa kitanzi, na ni imara kuliko ulivyokuwa.

Kama si mtaa ule, usiku nisingetoka.

Harar wanalisha fisi. Nje ya ukuta, giza likiingia, kuna watu wanaokaa na kapu la nyama na kuwaita, na fisi madoa wanatoka gizani. Wenyeji wanaamini fisi hula pepo wabaya na kuusafisha mji, na kwenye ukuta kuna vitundu vya chini walivyoachiwa wapite. Mimi nimekulia kwa hadithi za fisi wanaopandwa na wachawi usiku. Bibi yangu hakuwa akilitaja jina la fisi baada ya jua kuzama. Nilikwenda, begi mgongoni kwa sababu nyumba niliyofikia mlango haukuwa na kufuli, nikasimama nyuma kabisa ya watu.

Yule mlishaji akaniita kwa mkono. Nikatikisa kichwa. Akaita tena. Nikasogea nikapiga magoti kama alivyonionyesha, akanipa kijiti kama cha shubiri moja, akaning'iniza ukanda wa nyama. Macho ya kijani yalikuwa mawili, kisha manane. Fisi mmoja akaja, mkubwa, shingo nene, ananuka kama ngozi mbichi. Akachukua nyama kwa upole kiasi kwamba kijiti hakikutikisika. Nikapumua. Ndipo mlishaji akainua nyama nyingine juu ya kichwa changu, kwa nyuma, na fisi wa pili akapanda mgongoni kwangu.

Alipanda kwenye begi. Nilisikia uzito wake wote unakaa juu ya mikanda ya mabega, nikasikia kucha zinatafuta mahali kwenye nailoni, nikasikia taya zake zinafunga karibu na sikio langu. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeshika mikanda yote miwili kwa vidole gumba, na nakumbuka wazo moja tu lililonipitia: ule mshono wa X utashika. Ukashika. Akashuka, akaenda zake.

Begi lina mistari mitatu ya kucha juu ya kifuniko. Imekwaruza rangi, haikutoboa kitambaa. Nimeipitishia maji na mwanga wa tochi kuhakikisha.

Kasoro nyingine nitazitaja. Halina kifuniko cha mvua. Ethiopia Novemba ni kukavu, hakuna tone lililonigusa, lakini niliposhuka njia panda ya KIA kusubiri basi la Moshi, mvua za vuli zilinikuta, na maji yaliingia kwenye mstari wa zipu ya mbele, ile isiyokamata. Netela moja ililoa pembe na uzi mwekundu ukatoa rangi kidogo. Zipu ile nimeshaibadilisha, shilingi elfu 2, na kazi ya nusu saa. Sponji ya mgongoni haina njia ya hewa, ukitembea Dire Dawa mchana gauni linashikana na mgongo. Na filimbi ndogo iliyo kwenye kifungo cha kifuani hailii.

Nimelitumia sana tangu hapo. Mwezi Februari niliweka netela zile ndani yake nikapanda basi la Arusha, nikaingia kwenye duka moja la nguo za watalii ambalo nilikuwa nalipita kwa nje kwa miaka, nikiamini lazima mtu akutambulishe. Niliomba kuonana na mwenye duka. Nilisubiri dakika 50, akaja, nikalifungua begi mezani kwake. Amechukua mashati 12 yenye pindo la tibeb, na ameagiza mengine.

Ukienda Memorial kutafuta kama hili, geuza ndani kwanza. Tafuta X kwenye mizizi ya mikanda, na utepe kwenye kingo. Pinda kila kifungo cha plastiki kwa kidole gumba, kikilia au kikionyesha weupe, omba punguzo au acha. Vuta zipu zote kwenda na kurudi mara tano. Bei nzuri ni kati ya elfu 20 na 30. Lakini kabla ya yote litie mzigo wako halisi, ulivae, upande nalo ngazi peke yako.

Binti yangu amemaliza mitihani na ameomba begi aende nalo Kigali na wenzake. Nimemshonea kifuniko cha mvua cha turubai jembamba, nimempa na masharti mawili: asizidishe kilo 8, na asikubali mtu yeyote ambebee.